Baruti Imelala Wapi? Mwongozo wa Kupima Kasi ya Risasi Zilizo Chini ya Kasi ya Sauti

Anayepima kasi ya risasi nzito na za polepole hukutana mapema na jambo la kukera: anapiga risasi kumi za kisanduku kimoja, kwa bastola moja, asubuhi moja, na mashine inampa majibu yanayopishana kana kwamba amechanganya visanduku vitatu. Wa kwanza kulaumiwa huwa kiwanda, wa pili ni mizani iliyopima baruti, na wa tatu ni mashine yenyewe. Mara nyingi wote watatu hawana kosa. Kilichobadilika ni mahali baruti ilipolala ndani ya ganda wakati fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachoiwasha baruti, ilipolipuka, na aliyeibadilisha ni mpigaji mwenyewe, kwa namna alivyoinua na kushusha mkono wake kabla ya kufyatua.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulipima jambo hilo. Niseme mapema mipaka yake. Hapa Kenya silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na leseni hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha. Mimi sijazi risasi, yaani sitii baruti kwenye maganda mwenyewe, nyumbani kwangu Mombasa, na humu hakuna kipimo chochote cha baruti wala namna ya kuunda risasi. Vipimo vyote ninavyovieleza hufanywa kwa risasi za kiwandani, na mtu mwenye leseni, katika uwanja wa shabaha wenye msimamizi. Wanaojaza risasi kwa mkono katika nchi zinazowaruhusu, kama Marekani, ndio wanaosumbuliwa zaidi na suala hili, na wanaweza kutumia utaratibu huu huu kwa risasi zao. Nitawagusia kuelekea mwisho.

Anza na kichupa cha simsim

Kabla ya kwenda uwanjani, tafuta kichupa chembamba cha kioo, kama vile vya marashi vinavyouzwa Mji wa Kale, kisha utie simsim kiasi cha theluthi moja na ufunge. Kichupa ndicho ganda, simsim ndiyo baruti, kitako cha kichupa ndipo fataki inapokaa, na kizibo ndicho kichwa cha risasi. Kisimamishe wima kwa kitako chake, ukigonge kidogo, kisha ukilaze taratibu mezani: utaona simsim nyingi imebaki upande wa kitako, imejikusanya kama mteremko. Sasa kipindue kizibo kikiwa chini, ukigonge, ukilaze tena kwa upole uleule. Simsim yote iko upande wa kizibo, na kitakoni kuna hewa tupu. Mara ya tatu kitikise ovyo na ukilaze: simsim itatandaa chini kama mkeka kutoka mwanzo hadi mwisho, na juu yake kutabaki njia wazi.

Hali hizo tatu ndizo zinazotokea ndani ya ganda ambalo halikujaa. Fataki ikilipuka hutupa mwali na chembe za moto kupitia tundu dogo la kitakoni. Baruti ikiwa imelala nyuma, moto unaikuta mlangoni, punje nyingi zinashika kwa pamoja, na shinikizo linapanda haraka na kwa namna ileile kila mara. Baruti ikiwa mbele, mwali unalazimika kwanza kuvuka nafasi tupu, unapoteza joto na nguvu njiani, na punje za kwanza kushika ni chache. Kichwa cha risasi huweza hata kuanza kusogea kwa nguvu ya fataki kabla baruti haijawaka sawasawa, nafasi ikazidi kupanuka na shinikizo likazidi kuchelewa. Aliyewahi kuwasha jiko la makaa analielewa jambo hili bila fizikia: kaa la moto likiwekwa katikati ya makaa jiko linashika, likiwekwa pembeni utapepea mpaka mkono uchoke.

Matokeo yake ni kwamba risasi ileile ina kasi mbili, moja ya baruti nyuma na nyingine ya baruti mbele, na kasi unayoipata katika upigaji wa kawaida huelea katikati yake bila mpango. Kwa ganda kubwa lenye baruti kidogo, pengo kati ya kasi hizo mbili linaweza kuwa makumi ya futi kwa sekunde, na katika hali mbaya likafika futi mia moja, yaani mita 30 hivi. Kwa sababu hiyo, anayeandika wastani mmoja tu katika daftari lake ameandika nusu ya habari.

Ni risasi zipi zinazoathirika

Chanzo cha tatizo ni historia. Maganda kadhaa tunayoyatumia hadi leo yalibuniwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ambayo ililazimika kujaza ganda lote ili itoe nguvu ya kutosha. Kaliba ya .45 Colt na ya .45-70 zote ni za mwaka 1873, na .38 Special ni ya mwaka 1898, wakati ambapo baruti isiyo na moshi ilikuwa bado inajitafutia nafasi. Baruti hii mpya ina nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Ganda likabaki na ukubwa wake wa zamani, baruti ikapungua, na nafasi tupu ikazaliwa. Ukitaka tena risasi iende polepole, chini ya kasi ya sauti, kwa kawaida unapunguza baruti zaidi, na nafasi tupu inaongezeka.

Kwa hiyo .38 Special ndiyo mwalimu bora wa somo hili, na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Isipokuwa ile yenye kichwa bapa cha kutobolea karatasi: kichwa hicho huzamishwa mpaka usawa wa mdomo wa ganda, kinakula nafasi tupu, na kwa hiyo tofauti hupungua. Risasi nzito ya 9 mm yenye kichwa cha greni 147 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) haitakuonyesha mengi kwa sababu ganda lake ni dogo na baruti haina pa kukimbilia; .45 ACP yenye kichwa cha greni 230 nayo ni tulivu kiasi, ingawa kwa asili yake huenda chini ya kasi ya sauti. Wanaopata taabu kubwa kuliko wote ni wale wanaotaka bunduki kubwa kama .308 au .30-06 ipige polepole, kwa sababu ganda lililokusudiwa kubeba baruti tele linapewa kijiko. Kaliba ya .300 AAC Blackout, iliyopata viwango vyake rasmi Marekani mwaka 2011, ilifupishiwa ganda kwa makusudi, na moja ya faida zake ni kwamba baruti ya risasi zake za polepole haitangitangi sana.

Jua kasi ya sauti ya siku hiyo

Watu hupenda kuandika kwamba kasi ya sauti ni mita 340 kwa sekunde, kisha wakaichukulia kama amri. Hiyo ni kasi katika hewa ya nyuzi 15 za Selsiasi, joto ambalo Mombasa hatulioni hata alfajiri ya kusi. Kasi ya sauti hutegemea joto la hewa, wala haijali shinikizo lake. Kwa nyuzi 25 ni kama mita 346 kwa sekunde, na kwa nyuzi 32, mchana wa kaskazi, ni kama mita 350. Unyevu wetu wa pwani huongeza mita moja au mbili juu ya hapo. Kwa wanaosoma futi, nyuzi 15 ni kama futi 1,116 kwa sekunde, na nyuzi 32 ni kama futi 1,149.

Tofauti hiyo ya mita kumi ina maana. Risasi inayokwenda mita 343 kwa sekunde iko chini ya sauti hapa Bamburi saa saba mchana, lakini ukiipeleka juu Limuru asubuhi ya nyuzi 10, ambapo sauti inakwenda kama mita 337, itavuka mstari na utasikia mlio mkali wa kupasua hewa. Ni kweli kwamba baridi nayo huzifanya baruti nyingi ziwake kwa uvivu kidogo, kwa hiyo risasi yenyewe itapungua kasi pia. Ila usihesabu kwamba viwili hivyo vitafutana. Beba kipimajoto, na uandike joto la hewa mwanzoni na mwishoni mwa upimaji.

Vifaa

Kinachohitajika hasa ni kronografu, yaani mashine ya kupima kasi ya risasi. Zipo za aina mbili. Ya kizamani hutumia macho mawili yanayoona kivuli cha risasi ikipita juu yake, na hupiga hesabu ya muda kati ya jicho la kwanza na la pili. Ni ya bei nafuu, ila jua letu la utosini huisumbua. Ifunike kwa vile vibati vyeupe vya kutawanya mwanga vinavyokuja nayo, na usiiweke karibu sana na mdomo wa mtutu kwa sababu mshindo na moshi huweza kuipa jibu la uongo. Umbali wa mita 3 hadi 5 unafaa. Ya pili ni ya rada, kama Garmin Xero C1 Pro iliyotoka mwaka 2023, ambayo huwekwa pembeni ya silaha na haijali mwanga. Yoyote kati ya hizo inatosha, mradi utumie hiyohiyo moja tangu mwanzo hadi mwisho wa kipimo.

Mbali na kronografu, beba risasi zisizopungua 30 za toleo moja la kiwanda (namba ya toleo imepigwa muhuri kwenye kisanduku), daftari, penseli, kipimajoto, miwani na vizibo vya masikio, na kijiti cha shaba au mbao kinachoingia ndani ya mtutu. Kijiti hicho si cha kusafishia peke yake. Utaona sababu yake baadaye. Risasi ziache kivulini, ndani ya kisanduku cha kupozea kisicho na barafu. Risasi iliyolala juu ya meza ya uwanjani kwenye jua la Machi hupata joto la ajabu, na joto la baruti peke yake linaweza kubadilisha kasi kiasi cha kuficha kile unachokitafuta.

Utaratibu wa kupiga

Tia risasi moja moja kwenye bastola. Hili ni la lazima katika bastola ya silinda, kwa sababu teke la risasi ya kwanza hutikisa baruti ya zile zilizobaki, na kuanzia hapo hujui tena imelala wapi. Katika bastola ya kujipakia yenyewe jambo ni gumu zaidi: kifuniko kinaporudi mbele kwa kishindo na kusukuma risasi kwenye chemba, yaani chumba inamokaa risasi ikisubiri kupigwa, kazi yote uliyoifanya ya kuipanga baruti inaharibika. Ndiyo maana nasema tumia ya silinda.

Kwa hali ya baruti nyuma, elekeza bastola upande wa shabaha, fungua silinda nje, tia risasi moja, kisha inua mdomo wa mtutu juu huku silinda ikiwa bado imefunguliwa, ukizuia kitako cha risasi kwa kidole gumba isiteleze na kudondoka. Gonga silinda kwa ncha ya kidole mara mbili, shusha mpaka usawa taratibu, na hapo ndipo ufunge silinda kwa upole. Nasisitiza mpangilio huo. Wako wanaofunga silinda kwanza, kisha wakainua bastola iliyo tayari kupiga juu angani ili baruti irudi nyuma. Mkono ukiteleza, risasi inavuka tuta la udongo na kwenda zake kwenye nyumba za watu, na risasi ya polepole haina maana kwamba haiui. Silinda ikiwa nje, bastola haiwezi kufyatuka.

Kwa hali ya baruti mbele, fungua silinda, tia risasi, elekeza mdomo wa mtutu chini, kwenye udongo ulio mbele ya meza, gonga mara mbili, funga silinda ukiwa umeielekeza hapohapo, kisha inua pole pole mpaka usawa wa shabaha. Usiipitishe usawa huo kwenda juu halafu ukaishusha, kwa maana hapo baruti itarudi nyuma na kipimo kitakuwa kimepotea.

Hali ya tatu ni ya kawaida: tia risasi, funga, inua na upige kama unavyopiga siku zote, bila kuwaza chochote. Kuna anayeona hali hii ni ya kupoteza risasi. Sikubaliani naye, kwa sababu ndiyo inayokuonyesha desturi ya mkono wako mwenyewe iko karibu na mwisho upi. Mwenye mazoea ya kuchomoa kutoka kiunoni na kuinua huleta baruti mbele bila kujua, na yule anayeshusha bastola kutoka juu huileta nyuma.

Katika hali zote tatu, tumia mfuko wa mchanga kuegemezea mikono, na kaa muda uleule kabla ya kufyatua. Mtu akivuta pumzi ndefu na kujirekebisha mara tatu, mtetemo mdogo wa mikono hutandaza baruti kidogo kidogo, na hali mbili za mwanzo zinaanza kufanana.

Sasa kuhusu mfuatano. Usipige kumi za nyuma, kisha kumi za mbele, kisha kumi za kawaida. Mtutu unapata joto, jua linasogea, na wewe unachoka. Mwishowe hutajua kama umepima baruti au umepima uchovu. Piga kwa zamu: nyuma, mbele, kawaida, halafu anza tena, mpaka ufikishe kumi kwa kila hali. Andika kila namba kwenye safu yake papo hapo, na ukisahau ulikuwa kwenye zamu ipi, acha nafasi wazi badala ya kubahatisha. Risasi tano kwa kila hali hazitoshi. Nilijaribu hivyo mara ya kwanza kwa sababu ya bei ya risasi, nikapata majibu mazuri ya kuvutia ambayo wiki iliyofuata yalikataa kujirudia.

Kusoma majibu

Chukua kila safu peke yake. Tafuta wastani, kisha namba ya juu kabisa na ya chini kabisa. Wengi huishia kwenye wastani, na hapo ndipo nadhani wanapokosea, kwa sababu katika risasi za polepole wastani haumdhuru mtu. Hatari iko kwenye ncha mbili.

Tuseme, kwa mfano tu, kwamba safu ya nyuma imekupa wastani wa mita 262 kwa sekunde, ya mbele 239, na ya kawaida 250. Ndani ya safu ya nyuma namba zinapishana kwa mita 8, ndani ya safu ya mbele zinapishana kwa 15, na ndani ya safu ya kawaida zinapishana kwa 27. Picha kama hiyo inasema mambo mawili. La kwanza, risasi hizi ni nzuri: baruti ikikaa mahali pamoja, zinajirudia. La pili, mtawanyiko mkubwa wa safu ya kawaida umeletwa na nafasi ya baruti, kwa sababu unaenea takriban kutoka safu moja hadi nyingine. Lakini kama safu ya nyuma peke yake ingetawanyika kwa mita 25, tatizo lingekuwa pengine: fataki hafifu, kichwa kisichobanwa vizuri kwenye ganda, au baruti isiyopimwa sawa. Na kama safu zote tatu zingefanana, basi risasi hiyo haijali baruti imelala wapi, nawe umeokoa miezi ya kujisumbua.

Pengo kati ya wastani wa nyuma na wa mbele likiwa dogo kuliko mtawanyiko wa ndani ya safu, usitangaze ushindi wowote. Rudia siku nyingine.

Ncha ya juu na ncha ya chini

Ncha ya juu ni ile risasi ya kasi kubwa kuliko zote katika safu ya nyuma. Hiyo ndiyo inayolinganishwa na kasi ya sauti, wala si wastani wa kawaida. Mtu mwenye bunduki ambaye wastani wake wa kawaida ni mita 325 anaweza kujiona salama, kumbe baruti ikilala nyuma risasi moja kati ya kumi inafika 341, na katika asubuhi ya baridi hiyo moja inapiga kelele. Tena risasi inayoanza juu kidogo ya kasi ya sauti hushuka na kuvuka mpaka huo ikiwa njiani, na hapo mtikisiko wa hewa huweza kuiyumbisha. Kwenye karatasi utaona tundu moja limejitenga na wenzake bila sababu ya wazi. Ninaacha nafasi ya mita 10 hivi kati ya ncha yangu ya juu na kasi ya sauti ya siku ya baridi zaidi ninayotarajia. Hiyo ni busara yangu tu, si kanuni ya kitabu.

Ncha ya chini ni nzito zaidi, na ningependa msomaji asimame hapa. Risasi ya polepole kuliko zote katika safu ya mbele inakuambia umebakiwa na akiba kiasi gani kabla kichwa hakijashindwa kutoka ndani ya mtutu. Kichwa kikikwama na mtu akapiga kingine nyuma yake, mtutu hupasuka au huvimba, na vidole vinaweza kwenda nao. Kwa hiyo katika kipimo hiki, ambapo kwa makusudi unaifanya baruti iwake vibaya, sheria ni moja: ukisikia mlio hafifu, au kronografu ikakaa kimya, au usione tundu jipya kwenye karatasi, simama. Usifyatue tena. Elekeza silaha kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 kwa sababu huenda risasi imechelewa kuwaka, fungua silinda, toa ganda, kisha upitishe kile kijiti ndani ya mtutu. Kikipita mpaka upande wa pili, mtutu uko wazi. Kikigota, kazi ya siku imekwisha, na bastola inakwenda kwa fundi mwenye leseni. Usijaribu kukisukuma kichwa kilichokwama kwa kupiga risasi nyingine, hata isiyo na kichwa.

Kuna wasiwasi mwingine unaotajwa tangu zamani: kwamba baruti inayowaka polepole, ikitiwa kidogo sana kwenye ganda kubwa, huweza mara chache kulipua silaha badala ya kuisukuma risasi. Wataalamu wanabishana juu ya namna inavyotokea, ila viwanda vya baruti havingoji mabishano yaishe. Hodgdon, kwa mfano, inaonya kwamba kipimo cha baruti yake ya H110 kisipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3.

Kwa wanaojaza kwa mkono kihalali

Ukiwa katika nchi inayokuruhusu, na kipimo hiki kikakuonyesha pengo kubwa, jibu lako litoke kwenye kitabu cha kiwanda cha baruti, wala usilitafute kichwani mwako. Mwelekeo wa jumla unafahamika. Baruti nyepesi yenye ujazo mkubwa hujaza ganda na kukosa pa kutembea. Trail Boss, yenye punje za duara lenye tundu katikati mithili ya kaimati iliyotobolewa, ilitengenezwa kwa ajili hiyo hasa. Ganda fupi ni bora kuliko refu, kichwa kirefu kinachozama ndani hupunguza nafasi, na baruti inayoshika haraka hulalamika kidogo kuliko ile ya uvivu. Kubana mdomo wa ganda sawasawa husaidia shinikizo lijenge kabla kichwa hakijaondoka.

Jambo moja tu sitalipitia haraka, kwa sababu linatugusa watu wa pwani. Wapigaji wa zamani wa Ulaya na Marekani walikuwa wakitia juu ya baruti kishungi chepesi cha sufi, sufi hiihii ya mti wa msufi tuliyoilalia kwenye magodoro ya bibi zetu, ili kuishikilia baruti isikimbie kutoka kwenye fataki. Baadaye wakatumia nyuzi za plastiki za kujazia mito. Kasi zilitulia kweli, na ndiyo sababu wapo wanaoipenda mbinu hiyo mpaka leo. Lakini kishungi hicho kikishindiliwa vibaya, au kikasogea na kuacha pengo, husukumwa na gesi na kugonga kitako cha kichwa cha risasi kama nyundo, na mishtuko hiyo ikirudiwa huacha pete iliyovimba ndani ya chemba. Chemba yenye pete huweza kung'ang'ania ganda, na haitengenezeki kwa kusugua. Mimi ningeiacha sufi kwenye godoro.

Kuandika kwenye daftari

Baada ya yote, ukurasa wako uwe na tarehe, joto la mwanzo na la mwisho, aina ya silaha na urefu wa mtutu, aina ya risasi na namba ya toleo lake, umbali wa kronografu, na safu tatu za namba zilizoandikwa zote, hata zile zinazokuudhi. Chini ya kila safu andika wastani, ya juu na ya chini. Ukipata kisanduku cha toleo jipya rudia angalau hali ya nyuma na ya mbele, risasi kumi kumi, kwa sababu kiwanda kinaweza kubadilisha baruti bila kubadilisha rangi ya kisanduku. Kile kichupa cha simsim kitie kwenye mkoba pamoja na daftari. Msimamizi wa uwanja akikuuliza kwa nini unaigongagonga bastola iliyofunguliwa silinda kabla ya kila mlio, mpe akishike, akipindue, akilaze mezani mwenyewe.